Mwenye Mita

Kanuni ya umbali, ambayo kila anayesomea kinga ya mionzi hukutana nayo mapema, ingeweza kufundishwa ufukweni Minago, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, usiku usio na mwezi. Wavuvi wa ndagala wakishatoka, ziwa hujaa taa kuelekea upande wa Kongo. Simama mita 1 kutoka kwenye taa kali ya mvuvi, kisha rudi nyuma mpaka mita 2. Mwanga unaokufikia haubaki nusu, unabaki robo. Kwenye mita 3 inabaki sehemu moja ya 9, na kwenye mita 10 sehemu moja ya 100. Taa haikupungua nguvu. Mwanga wake umesambaa juu ya eneo kubwa zaidi. Mionzi ya eksirei na ya gama inayotoka kwenye chanzo kidogo husambaa vivyo hivyo. Chanzo kinachompa mtu aliye mita 1 dozi ya mikrosiveti 100 kwa saa kitampa aliye mita 10 mikrosiveti 1 tu. Hatua chache za kurudi nyuma mara nyingi humkinga mtu zaidi kuliko vazi zito, na hazigharimu hata faranga moja.

Ila taa, jicho linaiona. Mionzi ayonisha, ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi na kuharibu chembe hai za mwili, haina rangi wala harufu wala sauti. Mtu anaweza kupokea dozi ya kumuua na asihisi lolote saa ile; kichefuchefu huja baadaye, ngozi huwiva baada ya siku au wiki, na saratani ikija huweza kuchukua miaka mingi. Kwa hiyo mafunzo ya kazi hii huanza kwa kumvua mwanafunzi imani aliyo nayo juu ya macho na pua yake. Badala yake hupewa mita, hesabu na daftari, na hutakiwa aviamini vitu hivyo vitatu hata pale ambapo kila mtu chumbani anasema mbona hakuna kitu.

Nauhusudu sana ufundi huu. Mwambaoni kwetu tunajua kumsifu fundi mitumbwi na mama anayejua mawese yameiva kiasi gani kwa kuyatazama tu. Kazi zao zinashikika mkononi. Fundi wa kinga ya mionzi akifanya kazi yake vizuri kwa miaka 30, kinachoonekana mwishoni ni wafanyakazi wenzake wakistaafu wakiwa na macho mazima, vidole vyote na damu safi. Hakuna atakayesema asante kwa saratani ambayo haikumpata.

Wala kazi hii haiko mbali nasi. Mtu wa Minago akivunjika mkono, au akikohoa wiki ya tatu mfululizo, hupanda gari kwenda Rumonge au Bujumbura kupiga radio, yaani picha ya eksirei. Yeye hukaa chumbani dakika chache na kuondoka. Anayempiga picha hubaki pale, leo, kesho, mwaka mzima. Daktari wa meno naye ana kimashine chake. Katika ujenzi wa barabara, duniani kote, mafundi hupima mshikamano wa udongo kwa kifaa chenye sesiamu 137 na amerikiamu 241 ndani yake. Barabara yetu ya RN3, kipande cha Rumonge hadi Gitaza cha kilomita 45, iliingizwa kwenye mradi wa ukarabati wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliopitishwa mwaka 2018. Kazi za ukubwa huo ndizo mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida anaweza kukutana na kifaa cha namna hiyo bila kujua kimebeba nini. Na ukielekea Bujumbura unapita Kabezi, mahali ambapo kampuni ya Rainbow Rare Earths ilikuwa na kiwanda cha kusafishia madini adimu kutoka mgodi wa Gakara, kuanzia mwaka 2017 mpaka serikali iliposimamisha kazi hiyo mwaka 2021. Madini ya Gakara ni bastinasaiti na monazaiti, na monazaiti kwa asili yake hubeba thoriamu.

Nianze na chumba cha eksirei, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia.

Afisa wa kinga ya mionzi anayeingia kukagua chumba haanzi na mashine. Anaanza na kuta. Anataka kujua ukuta gani unapokea mionzi ya moja kwa moja, yaani ule ulio nyuma ya stendi ya kupigia picha za kifua, na nyuma ya ukuta huo kuna nani. Kama kuna benchi ambalo akina mama wanasubiri na watoto, hesabu inakuwa nyingine kabisa kuliko kama kuna stoo inayofunguliwa mara moja kwa wiki. Anauliza matofali ni ya kuchoma au ya saruji, ni mazima au yana matundu, yana unene gani, na chokaa ya kuungia ilijazwa mpaka ndani au ilipakwa juu juu. Pengo kati ya tofali na tofali ni njia. Mlango uliofunikwa bamba la risasi ukiacha uwazi upande wa bawaba, huo nao ni njia. Hata tundu la waya wa umeme lililotobolewa na fundi aliyekuja kufunga feni baada ya ujenzi kumalizika ni njia. Kisha anaweka ndoo ya maji au bloku la plastiki mahali pa mgonjwa, anaomba mashine ipigwe, naye anazunguka nje na mita yake, sentimita kwa sentimita, kwenye viungo vya ukuta, kwenye fremu ya mlango, chini ya dirisha la kuangalizia. Anaandika kila namba. Anaandika hata zile zinazofanana na kawaida ya mahali pale, kwa sababu mwaka ujao atarudi, na namba ya mwaka huu ndiyo itakayomwambia kama ukuta umeanza kupasuka.

Kwa nini ndoo ya maji? Kwa sababu mwili wa mgonjwa ni maji kwa sehemu kubwa, na eksirei zikimpiga hutawanyika kila upande. Mfanyakazi ambaye hajafundishwa hudhani hatari yote iko kwenye bomba la mashine. Aliyefundishwa anajua kwamba mashine inapopiga, mgonjwa mwenyewe huwa ndiye chanzo kinachomfikia yeye. Kipimo cha haraka wanachofundishwa ni kwamba kwenye umbali wa mita 1 kutoka kwa mgonjwa, kinachotawanyika ni kama sehemu moja ya 1,000 ya kile kilichompiga. Inaonekana ndogo. Izidishe kwa wagonjwa 40 kwa siku na miaka 20 ya kazi, utaelewa kwa nini kuna kioo chenye risasi na kwa nini kitufe cha kupigia kimefungwa nyuma yake.

Sasa aproni. Hapa ndipo ninapopenda kumtazama fundi mzuri. Aproni ya risasi ya unene wa robo milimita huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika, na kwa hiyo watu huiamini bila kuihoji. Yeye anaihoji. Anaitandaza mezani, anafumba macho au anatazama pembeni, na kuipapasa kwa vidole vya mikono yote miwili kuanzia mabegani kushuka, akitafuta mkunjo mgumu, uvimbe, au mahali ambapo tabaka la ndani limeteleza na kujikusanya chini. Akipashuku, anapiga picha. Kwenye picha ufa wa aproni huonekana kama mto mweusi katikati ya weupe. Akigundua ufa, haulizi nani alaumiwe. Anauliza aproni hulala wapi. Karibu kila mara jibu ni kwamba hukunjwa na kuwekwa juu ya kiti, au hutundikwa kwenye msumari mmoja. Risasi ikikunjwa mara nyingi hukatika ndani huku kitambaa cha nje kikibaki kizuri kama siku kilipotoka dukani. Dawa yake ni gogo la mviringo la kuitundikia, kitu ambacho seremala yeyote wa Rumonge anaweza kukichonga kwa asubuhi moja.

Halafu beji. Mfanyakazi wa mionzi huvaa kifuani kikasha kidogo chenye dosimita. Ndani ya nyingi ya hizo kuna vipande vidogo vya fuwele ya lithiamu floraidi. Mionzi ikipita humo, husukuma elektroni na kuzinasa kwenye kasoro za fuwele, na hapo hukaa wiki hata miezi. Maabara huzipasha moto hadi nyuzi 200 na zaidi, elektroni hunasuka, na kila moja ikirudi mahali pake hutoa chembe ya mwanga. Mashine huhesabu mwanga huo, na mwanga ukawa dozi. Ukishasomwa umefutika. Ni ushahidi unaosomwa mara moja tu, kwa hiyo mkono wa anayeusoma lazima uwe na adabu.

Lakini sehemu ngumu ya beji haiko maabara. Iko kwa binadamu anayeivaa. Kuna anayeiacha imening'inia ndani ya chumba cha eksirei usiku na mchana, na namba ikirudi kubwa hofu inamwingia kila mtu bure. Mwingine huivaa juu ya aproni mwezi huu na chini ya aproni mwezi ujao. Ipo inayofuliwa pamoja na koti, ipo inayosahauliwa kwenye dashibodi ya gari juani, na kuna wafanyakazi wawili wanaobadilishana bila kujua. Na wapo, katika nchi nyingi, wanaoificha mfukoni kwa makusudi ili isionyeshe dozi kubwa wakaondolewa kwenye kazi yenye posho. Afisa mzuri anayajua yote haya, na namba ya ajabu ikija hatumi barua ya onyo. Anamwita pembeni. “Dada, hebu nikumbushe, mwezi uliopita beji ulikuwa unaiweka wapi ukitoka zamu?” Anasikiliza jibu lote. Mara nyingi ukweli uko kwenye sentensi ya tatu.

Kila kundi la beji huwa na moja isiyovaliwa na mtu, inayokaa mbali na mashine kusoma mionzi ya asili ya mahali pale. Mionzi ya asili iko kila mahali, kwenye mwamba, kwenye hewa, hata kwenye ndizi. Kwa miaka mingi wastani wa dunia umekadiriwa kuwa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Bila beji hiyo ya pembeni huwezi kujua ipi ni ya kazi na ipi ni ya Mungu. Nimeipenda beji hiyo tangu niliposoma habari zake. Haifanyi kitu chochote, na bila yake nyingine zote zinasema uongo kidogo.

Mipaka yenyewe inajulikana. Mfanyakazi wa mionzi asizidi milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja asizidi 50. Mtu wa kawaida, yule wa kwenye benchi la kusubiri, ni 1. Mfanyakazi mjamzito akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni analindwa kama mtu wa kawaida, milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Mwanagenzi mwenye umri wa miaka 16 hadi 18 ana mpaka wake, milisiveti 6, na aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa. Naona heshima kubwa katika kipengele hicho: waliokaa kuandika kanuni za dunia walimkumbuka kijana anayejifunza kazi.

Namba hizi hazikushuka mbinguni. Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na ndani ya miezi michache watu walikuwa wakizichezea Ulaya na Marekani. Clarence Dally, fundi wa vioo aliyemsaidia Thomas Edison, alikuwa akijaribu mabomba kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele yake. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Edison aliziacha eksirei kwa woga. Huko Hamburg, kwenye bustani ya hospitali ya St. Georg, mwaka 1936 lilisimamishwa jiwe lenye majina zaidi ya 150 ya madaktari, mafundi na wauguzi wa nchi mbalimbali waliouawa na eksirei na rediamu, na majina yaliendelea kuongezwa baadaye. Kabla ya jiwe hilo, mwaka 1928, madaktari waliokutana Stockholm walikuwa wameunda kamati ambayo leo ni Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi. Na kazi haijaisha: mwaka 2011 tume hiyo iliona kwamba mtoto wa jicho huja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa, ikashusha mpaka wa lenzi ya jicho la mfanyakazi kutoka milisiveti 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka. Ufundi unaokubali kujisahihisha hadharani namna hiyo, baada ya miongo ya kusema vingine, unastahili kuaminiwa.

Mtoto wa mwambao akitaka kuingia kazi hii apite wapi? Njia ziko mbili, na zinakutana mbele.

Ya kwanza ni ya fundi wa picha au mfanyakazi wa kiwandani ambaye tayari yuko kazini, akapewa kozi ya siku au wiki kadhaa, akapimwa, na kuteuliwa kuwa afisa wa kinga ya mionzi mahali pake. Ya pili ni ya mwenye shahada, ya fizikia kwa mfano, kutoka Chuo Kikuu cha Burundi au kwingineko, anayekwenda kusoma kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi inayoandaliwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Kozi hiyo ilianza Argentina mwaka 1981, huchukua karibu miezi sita, na Afrika hufundishwa kwa Kiingereza Ghana na kwa Kifaransa Moroko. Burundi ni mwanachama wa shirika hilo tangu 2009, kwa hiyo mlango upo. Jirani zetu wametutangulia kwa miaka. Tanzania ilitunga sheria yake ya kwanza ya kinga ya mionzi mwaka 1983, kisha sheria ya nguvu za atomiki ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye maabara Njiro, Arusha, ambako beji za wafanyakazi husomwa na mafunzo hutolewa. Uganda ina baraza lake kwa sheria ya 2008, na Kenya mamlaka yake kwa sheria ya 2019.

Kozi hiyo ya miezi sita nimesoma mtaala wake, na unanivutia kwa mpangilio. Inaanza na fizikia, atomi inavunjikaje na kutoa nini. Inaingia kwenye vipimo, halafu kwenye mwili, damu na uboho na kijusi, ili namba zipate nyama. Baadaye zinakuja sheria, ukaguzi, viwanda, hospitali, uchukuzi, taka, dharura. Mwanafunzi anashinda maabara na mita, anatembelea mahali pa kazi, anaandika mradi wake. Na sehemu ya mwisho kabisa, baada ya mitihani migumu ya hesabu, ni kufundishwa kufundisha. Aliyeipanga hivyo alijua kazi hii. Afisa atakaporudi kwao, wanafunzi wake watakuwa mfagiaji, mlinzi wa usiku, dereva wa lori, na mkurugenzi asiye na muda. Wote wanne lazima waelewe, na hakuna hata mmoja atakayeelewa kwa maneno ya mwenzake.

Chukua mfagiaji. Kuna mama anayesafisha chumba cha eksirei akiwa na hofu kwamba mionzi imebaki ukutani kama moshi. Anafagia haraka, anaacha pembe, anaomba ahamishiwe wodini. Afisa anamweleza kwamba eksirei hutengenezwa kwa umeme, na mashine ikizimwa zimekwisha saa ileile. Hakuna kinachobaki sakafuni. Lakini mama huyohuyo akihamia mahali penye chanzo cha sesiamu 137, afisa lazima ambadilishie somo lote, kwa kuwa kile hakina swichi. Kinatoa mionzi mchana na usiku, na baada ya miaka 30 nguvu yake itakuwa imepungua nusu tu. Kumwondolea mtu hofu isiyo na sababu na kumtia ile yenye sababu, katika wiki moja na bila kumchanganya, huo ni ualimu wa daraja la juu.

Au chukua mtoto wa miaka miwili asiyetulia kwenye meza ya picha. Nani amshike? Fundi aliyechoka atasema nitamshika mwenyewe, ni sekunde moja tu. Afisa amemfundisha kukataa huruma hiyo, kwa kuwa sekunde yake inajirudia kila siku, na ya mzazi ni mara moja. “Mama, utamshika wewe. Vaa hii, simama hapa pembeni, mikono yako isiingie kwenye mwanga.” Na kabla ya kumpa aproni anamuuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama huenda ana mimba. Akisema ndiyo, anatafutwa baba au shangazi.

Kuhusu mita, kuna somo moja ambalo nadhani ndilo kiini cha mafunzo yote. Kabla ya kuingia mahali penye shaka, fundi anatazama betri, anatazama tarehe ambayo mita ilihakikiwa usahihi, anaiwasha, anaijaribu kwenye chanzo kidogo anachokijua, anapima kawaida ya nje, ndipo anasogea ikiwa imewashwa tangu mbali. Kwa nini tangu mbali? Kwa sababu baadhi ya mita za Geiger, zikizidiwa na mionzi mikali mno, huacha kuhesabu na kusoma sifuri au karibu na sifuri. Anayefika mlangoni na kuiwasha hapo anaweza kusoma usalama mahali pa mauti. Aliyekuja akiitazama namba inapanda, kisha ghafla ikaanguka, anajua maana yake na anarudi nyuma mbio. Mwanafunzi anafundishwa kuiamini mita, na siku hiyohiyo anafundishwa inavyoweza kumdanganya.

Gharama ya kutofanya hivyo inajulikana. Mafundi wanaokagua viungo vya mabomba hutumia chanzo cha iridiamu 192, kijipande cha chuma kinachotolewa kwenye kasha lake kwa kebo, kikapiga picha ya kiungo, kikarudishwa. Sheria ya kazi ni moja: kila baada ya picha, nenda na mita mpaka kwenye kasha uhakikishe kimerudi. Mwaka 2000, huko Meet Halfa nchini Misri, chanzo kimoja kiliachwa nyuma baada ya kazi ya bomba. Mkulima akakiokota, akadhani ni madini ya thamani, akakipeleka nyumbani. Yeye na mwanawe walikufa, na wengine wa familia wakaugua. Mwendo wa dakika moja na mita mkononi ungetosha.

Kwa hali ya mwambao wetu, nadhani vumbi ndilo linalotaka fundi wa subira zaidi. Thoriamu hutoa chembe za alfa, ambazo karatasi moja huzizuia, hata ngozi. Juu ya meza haina vitisho vingi. Ikivutwa pamoja na vumbi ikatulia mapafuni, hakuna tena ngozi katikati, na katika hesabu za kinga alfa hupewa uzito wa mara 20 ya gama. Kiasi cha thoriamu hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba, ndiyo maana hupimwa shehena kwa shehena. Kiwango cha bekereli 1 kwa gramu ndicho kinachotumika kimataifa kuamua kama madini yanahitaji uangalizi, na kwa usafirishaji wa madini ya asili ni 10. Na dawa zake ni za kawaida mno. Mwamba unaopondwa unyunyiziwe maji, hewa ivutwe nje, barakoa iwe ya saizi ya uso wa mtu na si ya kuning'inia kidevuni. Nguo za kazi zibaki kazini zisifuliwe nyumbani pamoja na za watoto, na mikono ioshwe kabla ya ugali. Hakuna chombo cha gharama hapo. Kuna mtu mmoja tu anayepaswa kusimama getini kila jioni, mvua na jua, na kumrudisha mzee wa miaka 50 akavue ovaroli, kwa maneno yasiyomvunjia heshima: “Mzee wangu, nisamehe, hii inabaki hapa.” Na kesho tena.

Maneno hayo ya getini yanahitaji mamlaka, na mamlaka haitoki kwenye cheti peke yake. Viwango vya IAEA humtaka mwajiri amteue afisa huyu na ampe uwezo wa kufanya kazi yake. Maana yake halisi ni kwamba siku moja atasimama mbele ya daktari bingwa au meneja mwenye haraka na kusema kazi isimame. “Dokta, naomba urudi nyuma ya kioo kwanza.” Asiyeweza kutamka hivyo hajahitimu, hata kama alipata alama zote za fizikia. Na anayetamka kila saa kwa kila jambo dogo, naye hajahitimu, kwa kuwa watu wataacha kumsikia. Kipimo hicho hakina mtihani. Hupatikana kwa kukaa miaka chini ya mtu anayekijua.

Ndiyo maana nasema kozi za Ghana na Moroko hazitoshi zikiishia Bujumbura. Tanzania imeshafika kwenye urani. Julai 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa Mkuju, wilayani Namtumbo, na kazi ya namna hiyo inahitaji maafisa wengi kwa mkupuo. Gakara nayo ina madini yake bado ardhini. Hospitali zetu zitaongeza mashine, na barabara hazijaisha kujengwa. Kila kazi ya aina hii ikifunguliwa kati ya Kabezi na Nyanza-Lac, nataka mwenye mita awe mtu anayemwita mzee wa getini kwa jina lake, aliyesoma Rumonge kama mwanawe, na atakayekuwapo pale miaka 20 kuisoma beji yake. Wapo wasichana na wavulana wa Minago wanaopenda fizikia sasa hivi na kuambiwa haina kazi. Inayo, na walimu wao wawaambie leo.